Bi Riyama na Bunduki ya Risasi Moja

Muhogo wa Bi Riyama uliliwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili ukaliwa tena. Haukuibiwa na watu. Nguruwe mwitu walitoka kwenye maweni ya Muyuni, kule kusini mwa Unguja, wakafukua mashina kwa pua zao, wakala mikubwa na michanga. Kulipokucha shamba lilikuwa kama limelimwa na trekta lenye dereva mlevi.

"Dada, tupeane neno," alisema Wakil, mdogo wake, walipokuwa wamesimama katikati ya yale mashimo. "Panda mwaka huu pia. Ukiliwa tena, tumwachie yule bwana anayetaka kujenga vyumba vya wageni. Shamba hili ni letu sote wawili, na mie nshachoka kulilia muhogo."

Bi Riyama alitazama shamba la mama yao. Lilikuwa shamba dogo la maweni, la udongo mwekundu uliojificha kwenye vishimo baina ya mawe, lakini ndilo alilokuwa akiliwaza miaka yote aliyoitumikia JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi. Alipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake ilikwenda kwenye paa la nyumba ya Kikwajuni anakoishi na Wakil na mkewe. Kilichobaki alikiweka kwa ajili ya shamba.

"Neno limepita," alijibu. "Ukiliwa tena, uza."

Sisi majirani wa Kikwajuni tulimjua kama mama mtulivu anayeshona kofia barazani na kujibu salamu kwa sauti ya chini. Wachache walijua kwamba ujanani alikuwa mpiga shabaha hodari kikosini, na kwamba wanaume waliokuwa wakishindana naye walikuwa wakiomba kwanza wajue yumo au hayumo. Kwa hiyo aliposema atanunua bunduki, mtaa mzima ulicheka, isipokuwa wale wachache.

Kwanza alikwenda kumwona Mzee Mmanga, mkuu wa wasasi wa Muyuni. Nguruwe hulala mchana ndani ya vichaka vya miiba ambamo mtu hawezi kupita wima. Bila wasasi na mbwa wao kuwafurusha, mwenye bunduki atakaa pembeni akiangalia majani mpaka jua lizame.

"Shikamoo, Mzee Mmanga."

"Marahaba. Umekuja kuwashitaki nguruwe?"

"Nimekuja kuomba nafasi. Siku mtakapokuja kusaka upande wangu, nataka nisimame na bunduki."

Mzee Mmanga aliweka chini kikombe chake cha kahawa. "Bunduki! Wee huna habari ya yaliyompata Wachawaseme?"

Wachawaseme alikuwa mbwa. Mzee Mmanga huwapa mbwa wake majina ya kuwachoma watu. Akigombana na jirani, mtoto wa mbwa atakayezaliwa wiki ile atapata jina, na jirani atalisikia likiitwa asubuhi na jioni mpaka mbwa afe. Wachawaseme alikuwa mbwa bora kuliko wote, na aliuawa na gobore la msasi mwenzao. Gobore lile lilikuwa limetengenezwa na mfua chuma kwa bomba la maji, na risasi yake ilikwenda ilikotaka yenyewe. Tangu siku hiyo Mzee Mmanga alikataza bunduki zote. Wasasi wake wakarudi kwenye mikuki, na nguruwe wakubwa wakawa wanapenya baina yao kama wageni waalikwa.

"Lile lilikuwa gobore," alisema Bi Riyama. "Mie nasema bunduki ya kiwandani, iliyonyooka."

"Hata ikitoka peponi! Sikiliza, Riyama. Lete bunduki inayopiga pale inapoangalia, na wewe uwe unaangalia pale unapopiga. Nitakujaribu siku moja. Ukinigusia mbwa mmoja, sisi hatukanyagi tena upande wako, na muhogo wako waachie wenyewe."

"Nani wenyewe?"

"Nguruwe, nani mwingine?"

Kibali cha silaha kilichukua miezi. Sheha aliandika, polisi wakauliza, wakaja kuangalia atakapoiweka, wakauliza tena. Siku kibali kilipotoka, Bi Riyama na Wakil walipanda boti kwenda Dar es Salaam, kwenye duka la silaha la kijana mmoja aitwaye Suhaib.

Wakil aliingia dukani kama anayeingia kwenye duka la magari. Macho yake yalinasa kwenye bunduki nyeusi yenye darubini ndefu juu yake.

"Dada, hii! Hii unampiga nguruwe aliyeko Bagamoyo."

"Wangu wako Muyuni," alisema Bi Riyama.

Suhaib alicheka, kisha akauliza maswali ya maana: nguruwe anaonekana kwa umbali gani, mpigaji anasimama au anakaa, na mfuko wake una uzito gani. Bi Riyama alimweleza kwamba kwenye vichaka vya kwao mtu haoni mbali zaidi ya upana wa barabara. Darubini kubwa pale ingemwonyesha manyoya tu, asijue ni ya nguruwe au ya mbwa. Suhaib alikubali, akairudisha ile nyeusi ukutani huku Wakil akiisindikiza kwa macho.

"Mama, fedha yako ni ya kati," alisema Suhaib. "Usiimalize yote kwenye bunduki. Siku hizi viwanda vinatoa mtutu mzuri hata kwenye bunduki za bei nafuu. Unacholipia zaidi ni mbao ya mninga na nakshi. Chukua isiyo na urembo, ubakize fedha ya risasi za mazoezi. Lakini uipige kwanza ndipo uinunue."

Siku ya pili aliwapeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya jiji, na bunduki tatu za namna hiyo, zote za komeo, yaani zile ambazo mpigaji huvuta kishikio cha ubavuni ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Bi Riyama alilala kifudifudi kwenye mkeka, akakiweka kitako cha bunduki ya kwanza kwenye bega la kulia kama alivyofundishwa, akatuliza pumzi, akapiga. Akaongeza risasi ya pili, na ya tatu.

Walipokwenda kutazama karatasi, matundu yalikuwa yametawanyika kama ndui.

"Hii imepinda," alisema Bi Riyama.

Bunduki ya pili nayo ilikuwa imepinda. Ya tatu vilevile. Suhaib aliichukua ile ya kwanza, akalala palepale kwenye mkeka, akapiga. Matundu yake yangefunikwa na kisosi kimoja cha kahawa, na kisosi kingebaki na nafasi.

Walirudi Unguja mikono mitupu. Ndani ya boti Wakil alimnunulia dada yake soda, akaifungua mwenyewe, akampa.

"Ni umri, dada," alisema mwishowe, kwa upole. "Si aibu. Yule bwana wa vyumba vya wageni amepiga simu tena. Nimemwambia asubiri."

"Asubiri," alisema Bi Riyama, akageuza uso upande wa bahari.

Kwa wiki nzima hakutaja bunduki wala muhogo. Alikaa barazani na wifi yake Bashira, mke wa Wakil, wakishona kofia. Wote wawili ni mafundi wa kofia za viua, zile zinazotobolewa vitundu vidogo na kuzungushiwa uzi, kazi inayotaka jicho na subira. Bashira anapenda kusema kuliko kushona, na anapenda kutazama watu kuliko vyote viwili.

"Wifi," alisema alasiri moja, "jicho lako la kulia lina nini?"

"Halina kitu."

"Mbona kila ukitunga uzi unalifumba?"

"Nani anafumba?"

"Wewe. Haya, tunga."

Bi Riyama alichukua sindano, akainua uzi. Akasita. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshajifumba, lenyewe, bila kuombwa.

Aliweka kofia chini. Akalifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama ghorofa ya mbele. Mapazia ya dirishani yalionekana kama yako nyuma ya moshi wa kuni. Akahamishia kiganja upande wa pili. Sasa aliona kila kibanio cha nguo kwenye kamba, na aliona kwamba mwenye nguo zile alikuwa ameanika shuka yenye tundu.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Bashira akaogopa.

"Wifi, una nini? Nimwite Wakil?"

"Muite! Mwambie bunduki hazijapinda. Aliyepinda ni mie!"

Daktari wa macho alithibitisha: mtoto wa jicho, bado mchanga. Angeweza kulisafisha, lakini kulikuwa na foleni ya watu walio katika hali mbaya zaidi yake, na mvua ya kupandia haisubiri foleni. Bi Riyama alimshukuru, akarudi nyumbani, akachukua ufagio wa mti mrefu, akauweka kwenye bega la kushoto.

"Mkono wa kushoto?" Bashira alishika kiuno. "Sisi tuliochapwa tukinyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia, leo wewe unaupa bunduki?"

"Ni kwa nguruwe, wifi. Wao wanastahili mkono gani?"

Bashira alikaa chini kwa kicheko, na neno lile likasambaa Kikwajuni yote kabla ya magharibi.

Utani ni rahisi, kazi ilikuwa ngumu. Mkono wa kushoto wa Bi Riyama ulikuwa umelelewa, kama mikono ya kushoto ya wengi wetu, usishike chakula, usipokee zawadi wala usiandike. Kidole chake cha shahada cha upande ule kilikuwa kizito kama cha mtu mwingine. Alikizoeza kwa kibanio cha nguo, akikibana taratibu na kukiachia taratibu huku akisikiliza redio. Kila asubuhi alisimama ukumbini na ufagio wake begani akilenga tangi la maji la jirani, jicho la kushoto wazi, pumzi zimetulia. Wakil alimpita akienda kazini, akimwambia, "Usimpige fundi bomba." Baada ya muda akaacha utani, akawa anamsahihisha kiwiko.

Walipanda boti tena. Safari hii tatizo lilikuwa jingine, na Suhaib aliliona mara moja.

"Mama, bunduki hizi zote komeo lake liko kulia. Ukipigia bega la kushoto, itabidi mkono wako uzunguke juu ya bunduki kila unapotaka kuvuta, na ganda la moto litapita mbele ya uso wako. Zipo zilizotengenezwa kwa watu wa kushoto. Lakini ni za kuagizia ng'ambo, na bei yake—" alinyanyua nyusi kuelekea dari.

Wakil alianza kufungua mdomo kuhusu yule bwana wa vyumba, kisha akaufunga. Bi Riyama alikuwa anatazama pembe ya duka.

"Na ile?"

Ilikuwa bunduki fupi, isiyo na nakshi, ya mbao ya kawaida na chuma cheusi. Haikuwa na komeo. Ilikunjwa katikati, pale mtutu unapokutana na kitako, risasi moja ikatiwa kwa mkono, ikakunjuliwa, basi. Upande wa kulia na wa kushoto ilikuwa sawasawa kama kinu.

"Hiyo?" Suhaib aliifuta vumbi. "Hiyo wateja hawaitaki. Wanasema ni ya mtu asiye na uwezo. Lakini imetoka kiwanda kizuri, na mtutu wake ni mnene. Kitu kisicho na mambo mengi, mama, hakina mengi ya kulegea."

Bi Riyama alifumba macho, akaipandisha begani kwa ghafla, kisha akafumbua. Jicho lake la kushoto lilikuwa limetua moja kwa moja juu ya mtutu, bila yeye kusogeza shingo. Akairudia mara kadhaa. Akajaribu kifyatulio bila risasi: hakikukwaruza wala kuburuta, kilikatika kama ncha ya biskuti.

"Risasi moja, dada!" Wakil hakuweza kuvumilia. "Na ukikosa?"

"Nikikosa, mbwa wa Mzee Mmanga watakuwa wameshamzunguka. Hata ningekuwa nazo kumi, ya pili nisingeipiga."

Uwanjani alipiga polepole, akikunja na kukunjua kila mara, bega la kushoto likianza kuwiva kwa maumivu. Suhaib alikwenda na kisosi mkononi, kwa mzaha. Alipokiweka juu ya karatasi, mzaha ukaisha. Matundu yalifunikwa yote isipokuwa moja, na hilo nalo liliguswa na ukingo.

Akainunua. Fedha iliyobaki ilitosha darubini ndogo ya kuonea karibu, sanduku la chuma la kuifungia na risasi za kutosha. Alichagua risasi nzito zisizokwenda kasi sana, kwa sababu Muyuni ni nchi ya mawe, na risasi ikigonga jiwe hurudi kumtafuta mwenyewe.

Siku ya msako ilikuwa Jumapili, muhogo ukiwa umefika magotini. Wakil alikuja naye, akaambiwa apande juu ya rundo la mawe asishuke. Mzee Mmanga alimweka Bi Riyama kwenye njia baina ya kichaka na shamba, mgongo wake kwenye mti. Bi Riyama mwenyewe akasogea hatua chache, mpaka nyuma ya shabaha yake pakawa na tuta la udongo badala ya mwamba. Mzee Mmanga aliliona hilo, akakohoa.

"Mbona bunduki iko bega la kushoto?"

"Ndiko liliko jicho."

"Hm. Na utasema Bismillahi? Kwani utamla?"

"Nasema nisimpige mbwa wako, Mzee. Hilo nalo ni jema."

Mzee Mmanga akaguna, akapotea kichakani. Punde kelele zikaanza: mbwa wakibweka, wasasi wakipiga makopo, na sauti ya Mzee Mmanga ikipasua juu ya zote, "Hayakuhusu! Hayakuhusu, zunguka!" Hayakuhusu alikuwa mbwa wake mpya mwekundu. Jirani aliyekusudiwa jina hilo alikuwa mmoja wa wasasi walioshika mikuki, na alikuwa amenuna tangu alfajiri.

Kichaka kikatikisika. Nguruwe jike akatoka mbio, na Hayakuhusu alikuwa ameng'ang'ania sikio lake.

"Piga!" walipiga kelele wasasi. "Piga, mama, anakwenda!"

Bi Riyama alimfuata kwa mtutu. Ndani ya darubini aliona manyoya meusi, manyoya mekundu, kisha meusi tena. Kidole hakikusogea. Nguruwe alijipinda, akamtupa mbwa, akarudi kichakani palepale alipotokea.

"Kaogopa!" alisema mwenye mkuki aliyenuna. "Sikuwaambieni? Nendeni mkamletee ufagio wake!"

Wakil, juu ya mawe, alifunika uso kwa viganja. Hata huku Muyuni habari za ufagio zilikuwa zimemtangulia. Mzee Mmanga alitoka kichakani akihema, akamchunguza mbwa wake sikio kwa sikio, mguu kwa mguu. Kisha akamtazama Bi Riyama, akarudi ndani na mbwa.

Bi Riyama alishusha bunduki, akanyoosha vidole, akaipandisha tena.

Dume lilitoka peke yake. Lilikuwa kubwa, la kijivu, limewaacha mbwa nyuma sana, na halikukimbia. Lilisimama ukingoni mwa muhogo, likainua pua kama mwenye nyumba anayenusa chakula chake jikoni. Nyuma yake palikuwa na tuta la udongo. Midomo ya Bi Riyama ilisogea, kidole kikabana taratibu, na mlio ukafika kabla hajautegemea, kama inavyotakiwa.

Dume likakaa chini, kisha likalala ubavu. Mbwa walipofika hawakupata wa kupigana naye.

Mzee Mmanga alikuja, akawahesabu mbwa wake kwa kidole, akaona wametimia. Akamgeukia yule aliyenuna.

"Haya, buruta."

"Mie? Najisi hiyo! Aliyepiga ndiye mwenye kuburuta."

"Aliyepiga ni mwanamke na mtu mzima. Buruta!"

"Mwenye mbwa abu—"

"Hayakuhusu!" aliita Mzee Mmanga, na haikujulikana anamwita nani. Wasasi walivunjika mbavu. Mwishowe ilipatikana kamba, wakamfunga dume mguu wa nyuma, wakamburuta kwa mbali kama watu wanaovuta mashua yenye nyuki.

Msimu ule Bi Riyama alisimama kwenye njia ile kila wasasi walipokuja upande wake. Siku nyingine alirudi bila kupiga hata risasi moja, siku nyingine akapiga moja. Nguruwe waliobaki waliona maweni ya upande ule hayana tena raha, wakahama kuelekea vichaka vya ndani. Muhogo ukapita kiuno, ukapita kichwa, ukakomaa.

Siku ya kuvuna Bashira naye alikuja kutoka mjini, akakaa kwenye jamvi akimenya na kusema. Wakil alikuwa amevua shati, anang'oa mashina na kushangaa kila shina kama aliyelitia ardhini mwenyewe. Simu yake ikalia mfukoni. Aliangalia jina, akamtazama dada yake, akasogea kando kidogo, si mbali sana.

"Naam, bwana... Hapana... Hapana, bei si tatizo. Shamba lina mwenyewe, na mwenyewe hauzi." Alisikiliza kidogo. "Mie? Mie nina nusu yake, naam. Hiyo nusu ndiyo ninayong'oa muhogo sasa hivi. Salama, bwana."

Akaitia simu mfukoni, akashika shina jingine, akavuta. Lilitoka na mizizi minene kama mapaja ya mtoto.

"Dada," alisema, "hii miti tukiikata vipando, itatosha mpaka ule ukingo wa mawe?"

"Itatosha," alisema Bi Riyama, "na itabaki."